Ashuru: dola ya kuchuna watu ngozi au dola ya barua na nyumbu?

#1 Kibao_cha_Udongo
Wakuu salaam. Kila mada ya Waashuru humu inaishia kwenye watu kuchunwa ngozi, na nusu ya wachangiaji wamesoma 2 Wafalme wakafunga kitabu. Nadai hivi: ngozi zilikuwa matangazo. Kilichoishika dola ile ya kaskazini mwa Iraki ya leo tangu Adad-nirari II (911 KK) hadi Ninawi inaanguka mwaka 612 KK ni maofisa, barabara na barua.

Mfano: barua kutoka Que, kule Adana ya leo kusini mwa Uturuki, hadi makao ya dola kando ya Tigri ni kama kilomita 700, na mto Frati katikati haukuwa na daraja. Ilifika kabla siku tano hazijatimia. Mjumbe alipanda nyumbu (chotara wa punda na farasi, si wa Serengeti) na mwingine alikwenda naye bila mzigo, kwa sababu mnyama mmoja akichechemea porini barua inalala hapo hapo. Kituoni wanyama wanabadilishwa, mara nyingi na mpandaji mwenyewe. Kulisha vituo ni wajibu wa gavana. Nyumbu waliteuliwa kwa kuwa wanavumilia, hawatelezi hovyo milimani na wanaogelea. Eneo lile halikupata njia ya haraka zaidi hadi Waosmani walipoleta simu ya waya (telegrafu) karne ya 19.

Anayebisha aje na hoja.

#2 Lete_Ushahidi
Naweka kambi hapa. Ila mkuu umeruka mashimo. Kuanzia 826 hadi 820 KK miji ya Ashuru yenyewe, Ninawi ikiwemo, ilimwasi Shalmanesa III uzeeni, na aliyezima ni mwanawe Shamshi-Adad V. Mwaka 763 uasi tena, safari hii mji wa Ashuru, mwaka wa Bur-Sagale gavana wa Guzana. Mwaka huo jua lilipatwa mwezi wa Simanu na wanafalaki wameshalipatia tarehe, 15 Juni. Kalenda nzima ya eneo lile imefungwa kwenye kigingi hicho. Mwaka 746 Kalhu, mji mkuu wa wakati huo, ikaasi, na 745 Tiglath-pileseri III yuko kwenye kiti.

Hizo barua zako karibu zote ni za baada ya 745. Usizipake karne tatu rangi moja.

#3 Mchora_Ramani
Hapo #2 umegonga penyewe. Kati ya 800 na 745 tatizo halikuwa adui wa nje, lilikuwa magavana walionenepa. Jemadari mkuu Shamshi-ilu aliandika ushindi wake kwenye simba wa mawe kule Til Barsip bila kumtaja mfalme kabisa. Nergal-erish alikuwa na eneo kubwa kiasi kwamba alipoanguka walikwangua jina lake kwenye jiwe la kumbukumbu la Tell al-Rimah. Na kiboko yao ni Bel-Harran-beli-usur, mpiga mbiu wa ikulu: kajenga mji, kaupa jina lake, kausamehe ushuru, na kwenye jiwe jina lake limetangulia la mfalme.

Maelezo ya siku zote ni kwamba Tiglath-pileseri III aliyapasua majimbo makubwa kuwa madogo ili asiwepo gavana wa kumtunishia misuli. Wapo watafiti wanaopinga kwamba aliyapasua yote kwa mkupuo. Baadhi yalikuwa madogo tangu zamani. Ila mwelekeo uko wazi: nchi mpya zilizotekwa zilifanywa majimbo, hazikuachwa zijiendeshe kwa ahadi ya kodi. Kilele chake ni majimbo kama 75.

#4 Binti_Kushi
Msisahau matowashi. Gavana towashi hana mtoto wa kumrithisha cheo, hana ukoo wa kumsukuma nyuma, na akifa jimbo linarudi mezani kwa mfalme. Mkuu wa matowashi ndiye aliyekuwa na jeshi la kudumu la mfalme mkononi, tofauti na askari wa majimbo walioitwa kwa msimu.

#5 Ngazi_na_Kondoo
Kwa hiyo ulinzi wa dola ni wembe. Sawa.

Mimi niko upande wa hofu na sitetereki. Ashurnasirpal II (883 hadi 859) alipouzima uasi wa Suru aliwachuna wakuu wa mji akafunika nguzo kwa ngozi zao, na anaiandika mwenyewe kwa fahari. Kibao_cha_Udongo anasema tangazo. Tangazo linafanya kazi pale tu bidhaa ipo kweli.

Halafu tupige hesabu ya kijeshi. Kuzingira mji ni gharama. Arpadi ilimshika Tiglath-pileseri III miaka mitatu. Lakishi, mji wa Yuda, mwaka 701 wamepanda kwa tuta la mawe ambalo mabaki yake yapo hadi leo: mamilioni ya mawe, wastani wa kilo 6 na nusu kila moja, yaliyochimbwa kwenye mwamba jirani na kupitishwa mkono kwa mkono. Waliofanya hesabu wanasema kama siku 25 za kazi ya usiku na mchana. Juu ya tuta unapitisha kondoo wa kubomolea, gari la mbao lenye ngozi. Adui anatupa mienge. Ndani ya gari yupo mtu mwenye upawa mrefu anamwagia maji ili lisiungue, na hilo limechongwa kwenye picha za Ninawi. Wa ndani wanajenga tuta lao nyuma ya ukuta, ili ukibomoka wakute ukuta mwingine. Kulichimbuliwa na mnyororo wa chuma, na wapo wanaodhani uliteremshwa kumnasa kondoo na kumvuta juu.

Sasa jiulize: mji mmoja ukikugharimu hivyo, si bora kumi mingine ifungue milango kwa kusikia tu habari za Suru?

#6 Lete_Ushahidi
Hoja ya bei naikubali. Lakini Waashuru walianza na maneno kabla ya mawe. Mnaikumbuka hotuba ya Rabshake, mjumbe wa mfalme Senakeribu wa Ashuru, chini ya ukuta wa Yerusalemu, akiongea Kiyahudi makusudi ili walinzi wasikie, na wakuu wakimsihi atumie Kiaramu? Ipo barua iliyochimbuliwa Kalhu, ya wakati wa Tiglath-pileseri III, maofisa wakieleza walivyosimama mbele ya lango la Marduki kule Babeli wakizungumza na wenyeji ili wamtose Mukin-zeri aliyenyakua kiti. Mbinu ile ile, miaka kama 30 kabla ya Rabshake.

Na kuhusu maandishi ya kifalme, chumvi ni nyingi. Vita vya Qarqar, 853 KK: Shalmanesa III dhidi ya muungano wa Hadadezeri wa Dameski, Irhuleni wa Hamathi, Ahabu wa Israeli, hadi Gindibu Mwarabu na ngamia 1,000. Jiwe la kwanza linasema aliua 14,000. Maandishi ya baadaye: 20,500. Kisha 25,000. Kisha 29,000. Vita vimekwisha, watu wanaendelea kufa.

Na huyo "mshindi" alirudi kupigana na muungano ule ule mwaka 849, 848 na 845.

#7 Mchora_Ramani
Ahabu naye kaandikiwa magari ya vita 2,000. Kuna wanaosema mwandishi kakosea, ni 200. Wengine wanasema kachanganyiwa na ya washirika wake. Hapo hatutoki leo.

#8 Kibao_cha_Udongo
Ngazi_na_Kondoo, hofu inafungua lango. Kesho yake nani anakusanya nafaka?

Mwenendo wenyewe uangalie kwa Israeli. Mfalme Menahemu analipa talanta 1,000 za fedha (talanta moja ni kama kilo 30) na anabaki na kiti chake. Peka, mfalme wa baadaye, anajiunga na Dameski. Miaka ya 734 hadi 732 Galilaya na Megido vinakatwa kuwa jimbo, Peka anauawa na wenzake, Hoshea anakabidhiwa kipande cha milima kilichobaki. Hoshea anaacha kulipa na kutafuta Misri. Samaria inaanguka 722, inaasi tena, na Sargoni II mwaka 720 anaifanya jimbo la Samerina. Rafiki anayelipa, kibaraka aliyepunguzwa, kisha jimbo. Haikuwa sheria iliyoandikwa mahali. Yuda ilibaki kibaraka mpaka mwisho, na miji ya Wafilisti iliyumba huku na huku.

Kibaraka pia hakuachwa peke yake, alipewa mjumbe mkazi wa mfalme. Mkataba wa Esar-hadoni, mwana na mrithi wa Senakeribu, na Baali mfalme wa Tiro unamkataza Baali kufungua barua ya mfalme mjumbe huyo akiwa hayupo. Barua yako mwenyewe, na huna ruhusa ya kuifungua peke yako!

Ikishakuwa jimbo, kodi ya shamba kwa kawaida ni sehemu moja ya kumi ya nafaka na robo ya majani makavu. Majani hayo msiyadharau, ndiyo chakula cha wanyama wa barabarani na wa jeshi. Juu yake kuna utumishi wa lazima, wa jeshi au wa ujenzi.

#9 Ushuru_wa_Gati
Nimekuwa msomaji tu, ila kwenye kodi nachangia. Ofisa Qurdi-Ashur-lamur alimwandikia Tiglath-pileseri III kuhusu Tiro na Sidoni. Maghala na gati viko wazi, watu wanaingia na kutoka, wanauza na kununua, wanapanda Lebanoni kukata magogo. Yeye anatoza ushuru mbao zikishushwa. Sidoni wakamfukuza mtoza ushuru. Akatuma Waitu'a mlimani, Waaramu waliokuwa kama askari polisi wa dola, watu wakatishika, mtoza ushuru akarudi kazini. Kisha sharti: mbao kateni na mfanye nazo kazi, lakini msiwauzie Wamisri wala Wafilisti.

Hapo hakuna mji uliochomwa wala tuta. Tiro ilimfaa mfalme zaidi ikiwa na meli zake na wafanyabiashara wake kuliko ikiwa magofu.

#10 Ngazi_na_Kondoo
Lakini Waitu'a walipanda mlimani na pinde au na daftari?

#11 Ushuru_wa_Gati
Na vyote, mkuu.

#12 Mahari_Kwanza
Mmesahau kuhamisha watu, ambako kwangu ndiko kulikoijenga dola kuliko ngozi na nyumbu. Sargoni anadai alihamisha watu 27,290 kutoka Samaria. Senakeribu anadai 200,150 kutoka miji 46 ya Hezekia mfalme wa Yuda, takwimu ambayo wengi hawaiamini. Wengine wanasema mifugo imeingizwa humo. Mwanahistoria Bustenay Oded alijumlisha uhamisho wa karne zote tatu akafika kama milioni 4 na nusu. Leo wengi wanaona ni kubwa mno, maana msingi wake ni madai ya wafalme.

Utaratibu wenyewe ulikuwa wa mahesabu. Hawakuzoa kila mtu, walichagua: mafundi, wahunzi, askari, waandishi, wakulima wa mashamba mapya. Familia zilikwenda pamoja, kwa sababu mwanamume aliyeachana na wanawe anatoroka. Kwenye picha za ikulu wanawake na watoto wapo juu ya magari ya ng'ombe. Magavana wa njiani waliagizwa kutoa nafaka, nguo, viriba vya maji, viatu na mafuta. Anayefika amechoka hadi kufa hana faida kwa mfalme.

Barua ninayoipenda: mfalme kaagiza Waaramu waliohamishwa wapewe wake. Ofisa anajibu kwamba wanawake wamepatikana wengi, ila baba zao wamegoma mpaka mahari ilipwe. Anaomba mahari itolewe ili waoe. Dola yenye jeshi kubwa kuliko zote imekwama kwa wakwe.

#13 Lete_Ushahidi
Hahaha. Mkwe ni mkwe hata Ninawi.

Nyongeza: waendesha magari ya vita wa Samaria hawakuuawa. Sargoni aliunda kikosi cha magari 50 kutoka kwao, na maofisa wa Samaria wapo kwenye orodha za wapanda farasi zilizopatikana Kalhu.

#14 Binti_Kushi
Ngoja niwatoe Lebanoni niwapeleke Nile. Mwaka 671 Esar-hadoni aliichukua Memfisi kutoka kwa Taharqa, Mkushi (Kushi ni Sudani ya leo), yule Tirhaka wa kwenye Biblia. Kuvuka Sinai alitegemea ngamia wa Waarabu kubeba viriba vya maji. Maandishi yake yanasema njiani kulikuwa na nyoka wenye vichwa viwili.

#15 Ngazi_na_Kondoo
Hiyo ni chai.

#16 Binti_Kushi
Chai kaipika mwenyewe, mimi nimemimina tu. Asichokiandika ni kwamba alishapigwa Misri mwaka 673. Hilo tunalijua kutoka kumbukumbu za Wababeli.

Na Misri ndiyo inayowapa taabu nyote wawili. Hofu? Ashurbanipal, mwana wa Esar-hadoni, aliitwaa Thebe mwaka 663 na kuzoa hadi nguzo mbili za madini. Ofisi? Walipanga wakuu wa miji, wakambakiza Neko wa Sais. Miaka kama saba baadaye mwanawe Psamtik ameshajitwalia nchi, bila vita kubwa tunayoisikia. Barabara ya nyumbu haikuwahi kukaa sawasawa hadi Delta, na hawakuwa na maofisa wa kutosha kuigeuza Misri kuwa majimbo.

Kilichobaki Ninawi ni farasi. Orodha za farasi wanaoingia zinawataja wa Kushi kando na wa Mesu, yaani wa pande za Irani. Wa Kushi walikuwa wa kuvuta magari, na kulikuwa na wataalamu Wakushi kuwahudumia.

#17 Mchora_Ramani
Babeli nayo iliwashinda kila namna. Tiglath-pileseri III alijivika taji mwenyewe kule kwa jina la Pulu. Senakeribu alimweka kibaraka Bel-ibni mwaka 703, hakufaa. Akamweka mwanawe mrithi, Ashur-nadin-shumi. Waelamu wakamteka 694. Mwaka 689 akaibomoa Babeli na kuigeuzia mifereji. Esar-hadoni akaijenga upya. Kisha utaratibu wa ndugu wawili, Ashurbanipal Ninawi na Shamash-shum-ukin Babeli, ukazaa vita vya 652 hadi 648. Mtawala wa mbali, mwana wa mfalme, moto, ukarabati, ndugu. Zana zote za #1 na #5 zilijaribiwa hapo.

#18 Kiapo_cha_672
Wote mnapita pembeni ya mungu Ashuru. Siku ya kutawazwa, mbele ya mfalme kulitangazwa kwamba Ashuru ndiye mfalme, na yule mwanadamu ni msimamizi wake aliyepewa fimbo ili aipanue nchi. Kupanua mipaka ilikuwa kazi ya ibada. Mfalme asiyekwenda vitani ameacha wajibu.

Mwaka 672 Esar-hadoni aliapisha dola nzima kumkubali Ashurbanipal. Vibao vya kiapo vimepatikana Kalhu mwaka 1955 na Tell Tayinat, Uturuki, mwaka 2009. Cha Tayinat kilikuwa ndani ya hekalu. Ni kibao kikubwa, kirefu kama mkono wako hadi kiwiko. Walioapa Tayinat ni gavana na watumishi wake kwa vyeo vyao, kwa hiyo hata maofisa wa Ashuru wenyewe waliapishwa. Ukisikia neno baya juu ya mrithi, hata kwa kaka yako au mwanao, unalileta kwa mfalme. Hiyo ndiyo mashine yenyewe: kila mtu jasusi wa jirani yake, na mungu shahidi.

#19 Lete_Ushahidi
Vile vya Kalhu ni vya mabwana wa miji upande wa mashariki, pande za Wamedi, Irani ya leo. Na Wamedi ndio waliouangusha mji wa Ashuru mwaka 614. Vibao vimekutwa vimevunjwa vipande vipande. Mashine iliwakamata wangapi?

Halafu kuna tofauti kati ya kuapa kwa Ashuru na kulazimishwa kumwabudu. Wataalamu wamebishana hilo miaka mingi, na katika nchi za vibaraka ushahidi wa kulazimisha ibada ni mwembamba.

#20 Fundi_Tofali
Salaam wote. Mnazungumzia ofisi kama vile zilikuwa hazikosei. Kujenga Dur-Sharrukin, mji mkuu mpya wa Sargoni II (717 hadi 706), magavana waligawiwa vipande vya ukuta na idadi ya matofali, na barua zao zimejaa kusukumiana: huyu anasema kipande si changu, yule anasema watu wangu wako vitani. Mafahali wa mawe wenye mabawa walichongwa machimboni kwanza kupunguza uzito, bado wakawa tani nyingi. Kuna barua inayosema waliwapakia kwenye mashua, zikashindwa mzigo, zikazama. Mji wenyewe ulizinduliwa 706, Sargoni akauawa vitani Tabali, Uturuki ya leo, 705, mwili haukupatikana, mwanawe akahamia Ninawi. Kwenye maghala ya ikulu mchimbuaji Mfaransa Victor Place alikuta karne ya 19 kama tani 160 za vyuma.

Utawala bora huo?

#21 Kibao_cha_Udongo
Ndiyo, huo huo. Gavana anayelalamika kwa barua hajaasi. Mlinganishe na Shamshi-ilu.

#22 Mahari_Kwanza
Sasa tuje kwenye swali gumu. Kama ofisi zilikuwa imara, mbona toka 626 Nabopolassar anachukua Babeli hadi 612 Ninawi inaanguka ni miaka 14 tu? Utafiti wa mwamba wa matone kwenye pango la Kuna Ba, kaskazini mwa Iraki, uliotoka 2019, unaonyesha mvua nyingi wakati dola inapanuka na ukame mkali kuanzia karibu 675. Mwaka 657 mnajimu Akkullanu alimwandikia Ashurbanipal kwamba mvua hazikutosha na mavuno hayapo. Kaskazini walilima kwa mvua, na Senakeribu alikuwa amejaza watu Ninawi, hekta 750. Mfereji wake wa Jerwan wenye mawe zaidi ya milioni mbili ulisaidia mji na bustani, si mashamba ya dola nzima.

#23 Mchora_Ramani
Ukame wa 675, na Thebe inatwaliwa 663, Susa, mji wa Waelamu, unateketezwa miaka ya 640. Dola yenye njaa inafika mbali hivyo?

Mimi naona kiti. Ashurbanipal anatoweka kwenye kumbukumbu karibu 631, wanawe wanagombana, hadi towashi mkuu Sin-shumu-lishir anajitangaza mfalme kwa miezi michache. Binti_Kushi, towashi wako asiye na tamaa huyo.

#24 Binti_Kushi
Nilisema hana wa kumrithisha. Sikusema hana tamaa.

#25 Ngazi_na_Kondoo
Mimi nasema ni hofu ilipokwisha. Baada ya 614 kila mtu aliona kwamba mji wa mungu Ashuru unaweza kuchomwa. Ninawi ilikuwa na ukuta wa kilomita 12 na malango 15 au zaidi, mapana ya maandamano. Lango la Halzi limekutwa limezibwa haraka haraka kulifanya jembamba, na mifupa ya waliokufa imelala njiani humo. Waliozoea kuzingira hawakujenga mji wa kuzingirwa.

#26 Mgeni_wa_Mosul
Wakuu, nje ya mada kidogo: msikiti wa Nabii Yunus uliolipuliwa 2014 si ndio ulikuwa juu ya kilima cha Ninawi?

#27 Fundi_Tofali
Ndiyo, juu ya jengo la silaha la wafalme. Baada ya ulipuaji mahandaki ya waporaji yalikutwa chini yake, na humo maandishi ya Esar-hadoni. Ila tusihame, fungua uzi wake.

#28 Mahari_Kwanza
Mchora_Ramani, jeshi linaweza kushiba kwa nyara miaka 30 huku mkulima wa Ashuru akifa njaa. Nyara zikikoma ndipo ukame unaonekana ikulu. Nionyeshe baada ya Susa nyara kubwa zilitoka wapi.

#29 Mchora_Ramani
Na wewe nionyeshe mwaka 620 na kitu mkulima alikuwa anavuna kiasi gani. Barua za Ninawi za miaka hiyo ni chache mno, ndiyo maana kila mtu analeta pango lake.

#30 Ushuru_wa_Gati
Mwenye orodha ya majimbo yote 75 na miji yake mikuu aiweke hapa. Nataka kuona ni mangapi yalikuwa mashariki ya milima ya Zagros, pale Wamedi walipoanzia.